Kalamu Nyekundu na Ndagala wa Minago: Historia Fupi ya Kiswahili cha Mwambao wa Rumonge

Utangulizi

Katika toleo hili tumeona ni vema tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mmoja wao, kijana wa Minago, alisimulia usiku wa uvuvi kwao. Insha ilikuwa na mpangilio mzuri na maelezo ya kuvutia. Hata hivyo, kila alipoandika "ndagala" tulikata kwa kalamu nyekundu, tukaandika "dagaa". Alipoandika "mukeke" tukaweka alama ya kuuliza. Alipoandika "sombe" tukamrekebisha kuwa "kisamvu". Mwisho wa yote tulimpa alama 9 kati ya 20.

Siku ya pili alibisha hodi ofisini. "Mwalimu, samahani," alisema, "nilitaka kuelewa. Samaki wa kwetu akiingia darasani, hubadilika jina?" Tulimjibu kwamba Kiswahili Sanifu kina msamiati wake. Alishukuru, akaenda zake. Jibu lile lilikuwa sahihi, lakini halikutosha, na sisi wenyewe tulijua kwamba halikutosha. Baadaye tulifunga safari kwenda Minago, mara moja na mara nyingine tena, tukakaa na wavuvi na akina mama wanaoanika samaki. Makala haya ni jibu letu kwa swali la kijana yule. Tunapenda kuonyesha kuwa maneno tuliyoyakata yana historia ndefu kuliko vitabu tunavyovitumia kuyakata.

Ziwa na mwambao wake

Anayetoka Bujumbura kuelekea kusini hufuata barabara ya kitaifa RN3, ziwa likiwa kuliani na milima kushotoni. Hupita Mugere na Magara, kisha Minago, na mbele zaidi ni mji wa Rumonge, ulio kilomita zaidi ya 70 kutoka Bujumbura. Akiendelea hufika Kigwena, penye kipande cha msitu wa asili uliohifadhiwa, kisha Nyanza-Lac, na hatimaye mpaka wa Tanzania. Ukanda huu wote ni sehemu ya nyanda za chini ambazo Warundi huziita Imbo. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na katika mpangilio mpya wa mikoa mitano uliotekelezwa mwaka 2025 ikawa ndani ya mkoa wa Burunga. Mipaka ya utawala hubadilika. Ziwa limebaki mahali pake.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470 hivi. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Nchi nne hulichangia: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Sehemu ya Burundi ni ndogo, takriban asilimia 8 tu. Lakini kwa mtu wa Minago ziwa si ukingo wa nchi. Ni uwanja wa mbele wa nyumba yake. Ng'ambo kuna milima ya Kongo, na siku isiyo na ukungu huonekana kama iko karibu ya kuguswa. Upande ule ndiko kuliko Baraka, Fizi na rasi ya Ubwari. Watu wamekuwa wakivuka huku na huko kuoa, kuuza mihogo, kununua vitenge, na kukimbia vita vinapozuka upande mmoja au mwingine.

Watu wanaovukiana namna hii huhitaji lugha ya kuelewana. Wengine ni Warundi, wengine Wabembe, Wavira, Wabwari au Waha. Hapo ndipo Kiswahili kilipopata kazi.

Kiswahili kilifikaje?

Wengi wetu tumezoea kufundisha kwamba Kiswahili kililetwa bara na Waarabu, kisha kikaenezwa na wakoloni. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanawasahau wenyeji. Ujiji ilikuwa soko kabla misafara ya pwani haijawa na nguvu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Chumvi ya Uvinza, samaki wakavu, mafuta ya mawese na mazao mengine yalisafirishwa kwa mitumbwi kando ya ziwa. Wafanyabiashara wa pwani walipofika walikuta njia za biashara zimekwisha kuwapo. Walichoongeza ni shanga, nguo, bunduki, biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na lugha.

Richard Burton na John Speke walifika ziwani tarehe 13 Februari 1858, wakavuka kwa mitumbwi hadi Uvira wakitafuta ukweli kuhusu mto Ruzizi. Waliambiwa na wenyeji kwamba mto huo huingia ziwani, wala hautoki. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley na David Livingstone walipita kando ya mwambao wetu wakitafuta jambo hilo hilo, wakaliona kwa macho yao. Jiwe la Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, bado lina tarehe ya kuwapo kwao hapo, 25 Novemba 1871. Mara nyingi tunapowapeleka wanafunzi kwenye jiwe lile tunazungumzia Wazungu wawili. Tunasahau kuwauliza: wapiga makasia wao walikuwa nani, na waliongea na wenyeji kwa lugha gani? Safari zile ziliandaliwa na watu waliojua Kiswahili, na bila ya wakalimani hao hakuna jina hata moja ambalo lingeandikwa vitabuni.

Miaka minane baadaye, 1879, Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadri Weupe, walifungua kituo Rumonge. Hakikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier pamoja na mlei aliyeitwa D'Hoop waliuawa hapo katika ugomvi na chifu wa eneo hilo, na kituo kikafungwa. Ndiyo kusema historia ya misheni nchini Burundi ilianzia kwenye mwambao huu, kabla ya Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899.

Katika miaka hiyo hiyo Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya kaskazini mwa ziwa kutoka Ujiji. Watu wake walivamia vijiji vya mwambao na kuteka watu. Hata hivyo hawakuweza kupanda milimani. Utawala wa Mwezi Gisabo uliwazuia. Jambo hili lina matokeo ya kiisimu ambayo yanaonekana hadi leo. Milimani Kirundi kilibaki peke yake. Mwambaoni Kiswahili kilikaa karibu na Kirundi, kikiwa na sura mbili: lugha ya jirani na lugha ya mtekaji. Mwalimu anayetaka kujua kwa nini Warundi wengine walikiogopa Kiswahili kwa muda mrefu aanzie hapo.

Lugha yageuzwa kuwa tusi

Wajerumani walipoweka kituo Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walitumia Kiswahili katika utawala kama walivyofanya kwingineko katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Askari, makarani na wafanyabiashara waliokaa mjini walikuwa mchanganyiko wa watu wa pwani, Wamanyema na wenyeji wa ziwani. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 mambo yalibadilika pole pole. Mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na huko Kirundi na Kifaransa ndivyo vilivyopewa nafasi. Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya Waislamu na ya watu wa mjini, kikabaki sokoni, bandarini na katika mitaa kama Buyenzi.

Neno "Umuswahili" lenyewe likapata maana mbaya katika Kirundi cha mitaani: mjanja, mwongo, mtu asiyeaminika. Wapo wanafunzi wetu waliolelewa Rumonge na Nyanza-Lac ambao bado wanakumbuka kutukanwa hivyo walipofika shule za milimani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hatulisemi vya kutosha darasani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilianza kazi. Wanachama wake walikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, yote maeneo yaliyokuwa chini ya Waingereza. Ruanda-Urundi na Kongo hazikuwamo. Maana yake ni kwamba wazungumzaji wa mwambao wetu hawakuulizwa chochote. Hatulaumu usanifishaji, bila huo tusingekuwa na vitabu wala mitihani ya pamoja. Tunachosema ni kwamba mtu ambaye hakualikwa kwenye kikao asihukumiwe kama aliyekiuka maazimio yake.

Walioondoka na waliorudi

Mwambao huu una jeraha ambalo haliwezi kurukwa. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wa eneo hilo waliuawa. Ukandamizaji uliofuata chini ya serikali ya Michel Micombero uliua Wahutu wengi mno nchini kote, hasa waliosoma; makadirio mengi huanzia watu 100,000. Waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba, mengi yakiwa ya michikichi, yalichukuliwa na watu wengine.

Katika makazi hayo watoto walisoma kwa mtaala wa Tanzania, yaani kwa Kiswahili. Walizaliwa wajukuu ambao waliijua Rumonge kwa masimulizi tu. Mwaka 2010 Tanzania iliamua kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao. Makumi ya maelfu walichagua kurudi Burundi, hasa kuanzia mwaka 2008, na wengi wakarejea mwambaoni. Migogoro ya ardhi iliyofuata inajulikana. Isiyojulikana sana ni hali ya watoto waliorudi na Kiswahili fasaha cha Tabora na Mpanda, wakaingia madarasa ya Kirundi na Kifaransa wakiwa kama mabubu. Wakati huo huo Kiswahili kilikuwa kimeanza kuingizwa katika shule za msingi za Burundi, na tarehe 1 Julai 2007 nchi ilikuwa imejiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Somo lililokuwa jipya kwa walimu wengi lilikuwa lugha ya nyumbani kwa watoto hawa.

Hivyo leo Minago ina Kiswahili cha namna zaidi ya moja: cha wazee wa ziwani, cha waliorudi kutoka Tanzania, na cha wakimbizi na wafanyabiashara kutoka Kongo, ambao husema "batu" pale tusemapo "watu". Mtu akikaa mwaloni asubuhi moja huzisikia zote tatu kabla jua halijapanda.

Samaki mmoja, majina mengi

Sasa tumrudie samaki wetu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, ambazo wataalamu huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Kigoma huitwa dagaa. Burundi ni ndagala, na Kirundi, ambacho hakitofautishi "l" na "r", kina "indagara". Zambia ni kapenta. Kati ya miaka 1958 na 1960 samaki hawa walichukuliwa wakapandikizwa katika Ziwa Kivu. Walioota mizizi huko ni Limnothrissa, nao wakapata jina la sambaza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakapelekwa bwawa la Kariba, na huko wakafuatwa na jina la kapenta. Basi kijana wetu aliuliza swali zuri kuliko tulivyodhani. Naam, samaki huyu akivuka mpaka hubadilika jina, na kila jina ni kumbukumbu ya njia aliyopita.

Mukeke naye ni Lates stappersii. Kigoma wanamwita mgebuka. Ni samaki mwembamba, mrefu, mwenye nyama nyeupe, na anapochomwa kwa makaa na kuliwa na ndizi au ugali wa muhogo, mgeni wa Bujumbura huhesabu kuwa sasa amefika Burundi. Sangala ni wa jamii hiyo hiyo ya Lates, lakini mkubwa zaidi. Kuhe, ambaye ni wa jamii nyingine, hulinda vifaranga vyake kwa ukali. Maneno haya hayana visawe vya pwani kwa sababu samaki wenyewe hawapo pwani. Wengi wa samaki wa ziwa hili hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Anayemwambia mtoto wa Minago "tumia neno sanifu" badala ya kuhe anamtaka atumie neno ambalo halipo.

Uvuvi wenyewe una mpango wake. Usiku usio na mbalamwezi mitumbwi hutoka na taa. Mwanga huwavuta viumbe wadogo wa majini. Ndagala huwafuata hao, na mukeke huwafuata ndagala. Zamani mvuvi mmoja alitumia lusenga, wavu wa mfano wa upawa mkubwa wenye mpini mrefu, akichota samaki waliokusanyika chini ya moto. Katikati ya miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki waliokaa Usumbura walianzisha uvuvi wa meli na nyavu za kuzingira. Ukafuata wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa katikati na kuinuliwa. Taa za mafuta zimepisha taa za betri na za sola. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa kuwa mwanga wa taa hauna nguvu mbele ya mwanga wa mwezi. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kufanya harusi.

Mzee mmoja wa Minago alitueleza haya yote kwa Kiswahili ambacho kalamu yetu ingekijaza wekundu. Alipomaliza aliuliza, "Mwalimu, hayo nayo mnayafundisha?" Tulilazimika kusema hapana.

Jikoni na shambani

Rumonge ndiyo ngome ya michikichi nchini Burundi. Mafuta yake tunayaita mawese. Kirundi ni "amamesa", na mchikichi ni "ikigazi". Mtu yeyote husikia kwamba mawese na amamesa ni ndugu. Vichikichi huchemshwa, hukandamizwa, mafuta hukamuliwa, na mashudu huwa kuni. Mafuta yasiyofaa kupikia hupikwa sabuni. Nyumba nyingi za Minago hupika maharagwe kwa mawese, na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, huchanganywa na ndagala na mawese hayo hayo. Pwani wanasema kisamvu, Kirundi ni "isombe", na Kongo ni sombe. Mchicha, Kongo ni lengalenga. Hakuna mama wa Minago anayeona shida yoyote kati ya maneno haya. Humchagulia kila mteja neno lake.

Nasi walimu, tunaotafuta mifano ya visawe, ukopaji na lahaja katika vitabu vilivyochapishwa mbali, tunapita kando ya kikapu cha mama huyu kila tunapokwenda Rumonge.

Mali inayopungua

Tungeweza kuyaacha maneno haya yajitunze yenyewe kama ziwa lingebaki lilivyokuwa. Halibaki. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba ziwa linazidi kuwa na joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Mukeke wamekuwa adimu na ghali. Nchi za ziwa zimekubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka. Tanzania ilifunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ni hatua ya lazima, lakini mvuvi asiye na shamba huuliza ale nini. Mwaka huo huo maji yaliyopanda yaliingia majumbani Gatumba na Rumonge, na familia nyingi zikahama ufuo.

Vijana wanaondoka kwenda kuendesha pikipiki au kutafuta kazi mjini. Lusenga sasa huonekana kwa nadra. Kitu kikitoweka, jina lake halichukui muda mrefu kukifuata.

Tujifunze kwa wengine

Tunaomba msomaji atuvumilie tumpeleke mbali kidogo. Kaskazini mwa Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki, kuna nchi ndogo iitwayo Estonia yenye watu wapatao milioni 1.3. Nayo ina ziwa kubwa la mpakani, Peipus, ambalo inalichangia na Urusi. Kwa karne nyingi mabwana wa mashamba na mapadri wa huko walitumia Kijerumani, na Kiestonia kikaonekana lugha ya wakulima tu. Mwaka 1869 watu walikusanyika mji wa Tartu kwa tamasha lao la kwanza la nyimbo. Mwaka 1888 mchungaji wa Kilutheri, Jakob Hurt, aliandika magazetini akiwaomba watu wa kawaida wamtumie nyimbo, methali, vitendawili, imani na desturi za vijijini kwao. Watu zaidi ya 1,000 waliitika, wakiwamo walimu wa shule na wakulima, na kurasa alizopokea zilipita 100,000. Nchi ilipata uhuru mwaka 1918, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha Tartu kikaanza kufundisha kwa Kiestonia. Baada ya miaka mingi chini ya Umoja wa Kisovieti, watu hao hao walidai uhuru wao kwa kuimba, wakaurudisha mwaka 1991.

Kinachotuhusu zaidi ni hiki. Waestonia nao walisanifisha lugha yao, wakachukua Kiestonia cha kaskazini. Lakini usemi wa kusini mashariki, wa eneo la Võru, haukuzikwa. Mwaka 1995 ilianzishwa taasisi ya kuushughulikia, na baadhi ya shule huufundisha kando ya lugha sanifu. Mwaka 2014 UNESCO iliandika katika orodha yake desturi ya watu wa huko ya kuoga kwa mvuke katika vibanda vya moshi. Mwaka huo huo, katika orodha hiyo hiyo, iliingizwa ngoma yetu ya kifalme ya Burundi. Tuliishangilia, na tulikuwa na haki. Ila wenzetu waliona kwamba hata kibanda cha kuogea cha mwanakijiji kina maneno ya kutunzwa. Sisi tumeiheshimu ngoma ya mwami. Bado hatujaiheshimu lusenga ya mvuvi.

Tufanye nini?

Hatupendekezi kwamba kila mtu aandike apendavyo. Mwanafunzi wetu atafanya mtihani, ataomba kazi Arusha au Nairobi, na huko atadaiwa Kiswahili Sanifu. Tukimnyima hicho tutakuwa tumemdhulumu. Tunapendekeza mambo matatu mepesi.

Kwanza, kalamu nyekundu ibaki kwa makosa: upatanisho wa kisarufi uliovurugika, tahajia, hoja isiyo na mpangilio. Neno la mahali lizungushiwe kwa penseli, na pembeni paandikwe neno la pwani kama lipo. Mwanafunzi ajue yote mawili na ajue lini atumie lipi.

Pili, katika kozi za lahaja na isimujamii, mifano ya kwanza itoke hapa kwetu, na ya Lamu na Pemba ifuate.

Tatu, kila mwanafunzi anayekwenda likizo mwambaoni, kuanzia Magara hadi Nyanza-Lac, arudi na maneno 20 ya uvuvi, mawese, mapishi au hali ya hewa. Kila neno liwe na maana yake, sentensi aliyoisikia, umri wa msemaji na kijiji chake, bila ya jina lake iwapo hakupenda. Idara itayaweka katika daftari moja, na tutayachapisha kidogo kidogo katika kurasa hizi. Hurt hakuwa na fedha za utafiti. Alikuwa na barua na watu walioona kwamba mambo yao yameulizwa.

Hitimisho

Msomaji atapenda kujua ilikuwaje kwa kijana wa Minago. Tuliisahihisha upya insha yake, akapata alama 14. Tulimwita tumweleze, akafurahi kwa adabu. Mwaka uliofuata alihamia idara nyingine. Tulipokutana naye baadaye njiani tulimuuliza sababu, akasema kwamba aliona Kiswahili ni cha wenyewe.

Maneno hayo yametukaa moyoni. Mtu ambaye babu yake alinunua chumvi kwa Kiswahili, akakimbia vita kwa Kiswahili na akarudi nyumbani kwa Kiswahili, aliondoka darasani kwetu akiamini kwamba lugha hiyo ni ya watu wengine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana yule hakuuacha mbacha wake. Sisi ndio tuliomwambia hauna thamani.

Daftari la maneno liko ofisini, juu ya meza iliyo karibu na mlango. Neno la kwanza tumeliandika sisi wenyewe, nalo ni ndagala.